Miaka 6 kwenye mashine moja, na bado naitwa kibarua

SWALI

Mzee wetu, salamu. Nafanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya plastiki hapa Industrial Area, Nairobi, tangu Februari 2019. Nalipwa shilingi 600 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na saa moja ya chakula katikati. Pesa huingia kwa M-Pesa kila Jumamosi. Kila baada ya miezi mitatu tunaambiwa tukae nyumbani siku 3, halafu tunarudi na kutia sahihi fomu mpya. Wananikata 216 kila wiki, wanasema ni ya NSSF, akiba ya uzeeni. Juzi mtoto wangu alishikwa na nimonia, nikaomba siku 2. Supavaiza akanijibu, "Mlango uko wazi, wenzako wamejaa hapo nje." Sasa tumeletewa fomu za kampuni nyingine, wale mawakala wa kuleta watu kazini, tumeambiwa tutie sahihi kufikia mwisho wa mwezi au tusirudi. Je, nina haki yoyote, au kibarua ni kibarua tu? Wenzangu wananiambia ninyamaze, heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kibarua wa miaka 6, Mukuru kwa Njenga

JIBU

Dada yangu, pole kwa mtoto, natumaini kifua kimefunguka. Nianze na lile neno ulilotia sahihi chini ya barua yako, maana naona limekuumiza kuliko hata hiyo 600. Wewe si kibarua. Kwa jinsi ulivyonieleza, ulikuwa kibarua majuma machache tu mwaka wa 2019, ikiwa ulikuwa hata hayo. Tangu hapo wewe ni mfanyakazi wa kiwanda kile sawa na karani wa ofisini ambaye barua yake ya kazi iko kwenye faili. Yeye alipewa barua, wewe ukanyimwa.

Sikwambii hivi kukufariji. Sheria ya Ajira ya 2007 inamweleza kibarua kwa maneno machache: ni mtu ambaye makubaliano yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Aliyeitwa leo kushusha mzigo wa lori, akalipwa jioni na kwenda zake, huyo ndiye kibarua. Wewe unalipwa Jumamosi, na Jumatatu unarudi kwenye mashine ile ile bila mtu kukuchagua getini.

Halafu kuna kifungu cha 37. Ningetamani kila anayevuka Mto Ngong alfajiri kwenda Enterprise Road au Lunga Lunga akijue kama anavyojua namba yake ya simu. Kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo zikijumlishwa zinafika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, ajira yake inageuka kuwa ya kulipwa kwa mwezi, na kumwachisha kunahitaji ilani ya maandishi ya siku 28. Inageuka yenyewe. Haingoji bosi apende, wala haingoji "uandikwe". Siku ya kupumzika baada ya siku 6 za kazi inahesabiwa ndani, na sikukuu pia. Akipitisha miezi miwili, anastahili masharti yale yale ambayo angekuwa nayo tangu mwanzo kama hangechukuliwa kibarua.

Sasa unaelewa zile siku 3 za kukaa nyumbani zinatoka wapi. Kuna mtu aliyeketi na kifungu hicho mezani akatafuta mahali pa kukikatia. Nimefanya kazi ya afisa wa leba miaka 23, na tangu nistaafu nawasaidia wafanyakazi kuandika malalamiko yao, na mtindo huo nimeuona katika viwanda vya plastiki, vya unga, vya nguo, hata kwenye maghala ya dawa. Mahakimu nao wameuona. Kutengeneza ndoo na mabeseni si kazi inayoisha kila baada ya miezi mitatu. Mashine ni ile ile, supavaiza ni yule yule, na wewe ndiye unayeijua ikianza kulia vibaya.

Lakini lazima nikwambie na upande wa pili, kwa sababu nimeona watu wakiingia mahakamani na matumaini makubwa wakatoka mikono mitupu. Kama fomu unayotia sahihi ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, mwajiri atasema hukuwa kibarua wala mfanyakazi wa kudumu, ulikuwa na mkataba wa muda maalum, na mahakama zimesema mara nyingi kwamba mkataba wa aina hiyo huisha wenyewe siku yake ikifika. Hapo utalazimika kuonyesha kwamba fomu zilikuwa pazia tu, na kazi ilikuwa moja isiyokatika. Vilevile anayelipwa kwa kipande, yaani kwa idadi ya vitu alivyotengeneza, hakingwi na kifungu cha 37. Mahakama ya Rufaa ililisema hilo mwaka wa 2017, na ikasema pia kwamba ni juu ya mfanyakazi kuthibitisha kwamba alifanya kazi mfululizo. Wewe unalipwa kwa siku, kwa hiyo kamba hiyo ya kipande haikufungi. Uthibitisho ndio mzigo wako, nao nitaurudia.

Tuje kwenye pesa, kwa sababu hapa hakuna mjadala wa kibarua au si kibarua. Shilingi 600 kwa siku 26 ni 15,600. Agizo la mishahara lililoanza kutumika Novemba 2024 linasema mfanyakazi wa kawaida hapa Nairobi halipwi chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na hiyo haijahesabu nyumba. Asiyepewa nyumba na mwajiri anaongezewa asilimia 15, yaani kama shilingi 2,417. Jumla ni 18,530. Kila mwezi mfuko wako unatoka pungufu kwa shilingi 2,930, na hapo nimekuhesabia kwa daraja la chini kabisa. Agizo lina daraja la wahudumu wa mashine ambalo liko juu ya hilo, kwa hiyo kama unaendesha mashine kweli, pengo ni kubwa zaidi.

Bado ovataimu. Kanuni za jumla za mishahara zinaweka wiki ya kazi ya mchana kuwa saa 52. Wewe unafanya 60. Zile 8 za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na saa moja inahesabiwa kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa 225. Chukua 16,113.75 ugawe kwa 225, unapata shilingi 71 na senti. Ongeza nusu yake, inakuwa 107. Zidisha kwa saa 8, ni shilingi 859 kila wiki, ambayo kwa majuma manne inapita 3,400. Ukijumlisha na lile pengo la kwanza, unapoteza zaidi ya 6,000 kwa mwezi. Sijui kodi ya chumba chako ni ngapi, lakini katika Mukuru hiyo ni kodi na chenji inabaki.

Likizo nayo. Aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo anastahili siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka, akilipwa mshahara kamili. Akiugua, baada ya miezi miwili ya kwanza anastahili angalau siku 7 za malipo kamili na siku 7 za nusu malipo kwa mwaka. Sheria haina kifungu cha mtoto kuugua, na mimi naona ni upungufu mkubwa ambao wabunge wetu wangepaswa kuuona aibu. Lakini wewe hukuhitaji kifungu hicho. Ulikuwa unaomba siku 2 katika 21 ambazo tayari ni zako, na hukupewa hata moja kwa miaka 6.

Ile 216 imenifanya nikae kidogo. Ni asilimia 6 kamili ya 3,600, maana yake anayewakata anaijua sheria ya NSSF vizuri sana. Sheria hiyo inamtaka aongeze 216 nyingine kutoka mfukoni mwake na kupeleka zote mbili kwa jina lako. Swali ni kama zimefika. Nenda Huduma Centre ya Makadara siku mtakayokuwa mmerudishwa nyumbani, ubebe kitambulisho, uombe taarifa ya michango yako yote tangu 2019. Usiulize kwa mdomo, omba karatasi. Ukikuta michango iko, taarifa hiyo inaonyesha jina la mwajiri na miezi aliyolipa, na hakuna shahidi bora kuliko huyo wa kwamba ulikuwa kazini mfululizo. Ukikuta haiko, basi mwajiri alichukua pesa yako akakaa nayo, na hilo ni kosa la jinai ambalo NSSF wenyewe wana nguvu ya kulifuatilia. Ukiwa hapo uliza pia kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 na mwajiri ndiye anayeipeleka. Kama wanakukata ya NSSF peke yake, huenda mtoto alipokohoa usiku ule hukuwa na bima yoyote, na mpaka leo hakuna aliyekwambia.

Kuhusu yale maneno ya supavaiza, nayajua. Nimesimama kwenye mageti hayo saa kumi na mbili kasorobo, kabla kijua hakijatoka. Watu wamesimama wamejikunyata, wengine na viatu vya kazi mkononi ili visichafuke na matope, mama wa chai anamimina kwenye vikombe vya plastiki, na mlango mdogo unafunguliwa. Mtu anatoka na kuonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe wa jaketi nyekundu. Waliobaki wanasimama nusu saa nyingine, labda mmoja hatafika kazini. Kisha wanarudi walikotoka kwa miguu. Foleni hiyo ndiyo inayopanga mshahara wako. Zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaofanya kazi nchini mwetu wako katika sekta isiyo rasmi, jua kali na biashara ndogo ndogo, na wengi wao wangeacha kibanda kesho kwa 600 ya uhakika. Mwenye kiwanda analijua hilo kabla hujafungua mdomo.

Tena ana hesabu yake. Tuseme ana watu 100 kama wewe. Akiwapunja kila mmoja shilingi 2,930 kwa mwezi, anabaki na shilingi 293,000, ambayo kwa mwaka inapita milioni 3.5, na sijagusa ovataimu. Mmoja akimshtaki na kushinda kwamba aliachishwa kazi isivyo haki, fidia ya juu kabisa ambayo mahakama inaweza kumpa ni mishahara ya miezi 12. Kwa mshahara halali wa 18,530 hiyo ni kama 222,000, pamoja na madeni mengine kama ilani na likizo. Na wakili. Hata ukijumlisha yote, kumlipa mmoja aliyeshtaki ni rahisi mara nyingi kuliko kuwalipa 100 walionyamaza. Ndiyo maana kuvunja sheria kumekuwa kawaida. Hesabu yote imesimama juu ya jambo moja, kwamba atakayelalamika atakuwa mmoja, na atalalamika baada ya kufukuzwa.

Nimewahi kukaa na mameneja wakanieleza hayo bila kuficha. Mmoja, mtu muungwana tu, aliniambia: "Mzee, jirani yangu analipa 550. Nikilipa unavyotaka, ndoo zangu nitamuuzia nani?" Sikumwona mwongo. Nilimjibu kwamba jirani yake nami nitamfikia, na nilijua moyoni kwamba huenda nisimfikie, kwa sababu tulikuwa maafisa wachache kwa viwanda vingi mno. Hilo linaniuma mpaka leo. Sheria isipokaguliwa, anayeumia wa kwanza ni mfanyakazi, na wa pili ni mwajiri aliyetaka kulipa vizuri.

Kwa hiyo wanaokwambia unyamaze siwalaumu. Lakini nusu shari wanayoisema ina bei, na bei yake nimeshakuhesabia. Ni 6,000 kila mwezi.

Enzi za mkoloni, babu zetu katika mji huu walivalishwa kipande, ile karatasi ya alama za vidole iliyowekwa kwenye kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mwajiri aliandika humo siku uliyoanza, siku uliyomaliza na alichokulipa, na usingeweza kutoka kazini bila yeye kuweka sahihi. Walikichukia, na walikuwa na haki. Mei 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa kwa kazi yao ya chama cha wafanyakazi, wafanyakazi wa Nairobi waligoma na mji ukasimama zaidi ya wiki moja. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka 1961. Enzi ile mwajiri alikushika kwa karatasi aliyokuandikia. Siku hizi anakushika kwa kuhakikisha huna karatasi yoyote: huna barua, huna nakala ya fomu, huna karatasi ya mshahara, na ukifika mbele ya hakimu anasema hakujui.

Karatasi hiyo itabidi uiandike mwenyewe, kuanzia leo usiku.

Nitakueleza niliyoyaona. Kuna kijana alikuja ofisini kwangu na daftari la shule la kurasa 96, jalada limelowa mafuta ya mashine hadi picha haionekani. Ndani aliandika kila siku mstari mmoja. "Jumanne, mashine ya 4, saa 1 mpaka 12, supavaiza wa mchana." Siku nyingine aliongeza neno: "Stima ilipotea saa 8, tulirudi saa 10." Mwajiri alileta rejista ya kompyuta, safi, imechapishwa, ikionyesha kijana alifanya siku 22 kwa mwaka mzima. Tukaweka taarifa yake ya M-Pesa juu ya meza kando ya daftari. Jumamosi kwa Jumamosi, pesa zilifuata mistari. Pale alipoandika siku 5, ililipwa ya siku 5. Pale alipoandika kwamba Ijumaa aliugua, siku hiyo haikulipwa. Meneja aliligeuza daftari mara mbili, akaomba kutoka nje apige simu. Aliporudi alisema wako tayari kuzungumza. Kijana hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nane.

Wewe una M-Pesa ya miaka 6. Omba taarifa yako kamili kutoka kwa kampuni ya simu, na uihifadhi mahali ambapo simu ikiibwa haitapotea nayo, kwa barua pepe au iliyochapishwa. Sheria inamtaka mwajiri akupe mkataba wa maandishi ukifanya kazi miezi 3 au zaidi, na kukupa maelezo ya maandishi ya mshahara na makato. Asipotoa mkataba huo mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamrudia yeye. Lakini kwanza wewe uonyeshe kwamba ulikuwa kazini pale, na taarifa ya M-Pesa inafanya hivyo vizuri ikiwa pesa zilitoka kwenye akaunti ya kiwanda. Kama zilitoka kwa simu ya supavaiza, andika hilo kwenye daftari pamoja na tarehe. Weka na picha ya kitambulisho cha geti, ujumbe wa WhatsApp wa kuitwa zamu, chochote chenye tarehe.

Sasa hizo fomu za wakala, ambazo ndizo zina haraka.

Kuajiri kupitia wakala hakukatazwi. Lakini mahakama zetu zimesema wazi kwamba hakuwezi kutumika kukwepa wajibu ambao mwajiri tayari anao kwa watu wake. Kiwanda kikitaka uache kuwa mfanyakazi wake na kuwa wa wakala, kimemaliza ajira yako, na ajira haimalizwi kwa fomu. Kama sababu ni kwamba nafasi yako haihitajiki tena, wewe na afisa wa leba mnapaswa kupewa ilani ya maandishi isiyopungua mwezi mmoja, ulipwe likizo zako, na ulipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Kwa miaka 6 hiyo ni siku 90. Ndiyo thamani ya sahihi wanayokuomba uitoe bure kabla ya mwisho wa mwezi.

Hapa soma polepole. Ukiona kwenye fomu maneno yenye maana ya kwamba umelipwa kila kitu na huna dai lolote dhidi ya kampuni, usitie sahihi papo hapo. Mahakama ya Rufaa imewahi kushikilia kwamba karatasi ya aina hiyo, ikiwa mfanyakazi aliitia sahihi kwa hiari na kwa kuelewa, inamfunga. Nimewaona watu wakipoteza madai ya miaka mingi kwa sababu ya mstari mmoja walioambiwa ni "ya kupokea kofia na aproni". Omba uende nayo nyumbani. Wakikataa, ipige picha. Usiigombanie fomu, wala usimtukane mtu, kwa sababu utovu wa nidhamu ndio mlango rahisi zaidi wa kukufuta kazi. Na hata wakikufuta kwa kosa, sheria inawataka wakueleze kosa kwa lugha unayoielewa, wakusikilize, na uwe na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama karibu nawe. "Usirudi kesho" haitoshi. Kufutwa kwa sababu ulilalamika kuhusu haki yako, au kwa sababu ulijiunga na chama, kumetajwa katika sheria kuwa si sababu halali.

Nisikufiche hatari. Wanaweza kuivunja sheria hiyo pia, na wewe ukabaki nje na mtoto, huku kesi inakwenda mwendo wake, ambao si wa haraka. Kama wewe ndiwe peke yako unayeleta chakula nyumbani, una haki ya kupima hilo, na sitakudharau ukiamua kutia sahihi ili ubaki kazini. Ila hata ukiamua hivyo, tia sahihi ukiwa na picha ya fomu, na juu ya sahihi yako andika kwa mkono: "Nafanya kazi katika kiwanda hiki tangu Februari 2019." Maneno hayo machache yanaizuia fomu isiseme kwamba umezaliwa leo.

Ninachokuomba zaidi ni usiende peke yako. Umesema "tumeletewa", kwa hiyo mko wengi. Tafuta watatu au wanne unaowaamini, mkutane mtaani si kazini, kila mmoja aje na taarifa yake ya M-Pesa. Barua moja yenye majina 30 haina mtu wa kufukuzwa kwa urahisi, na ile hesabu ya milioni 3.5 inaanza kusumbua. Kibarua, au anayeitwa kibarua, ana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Katiba katika ibara ya 41 haikuweka sharti la barua ya kazi. Chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama hapo kiwandani, mwajiri anapaswa kukitambua na kuzungumza nacho. Najua vyama vingine vimelala, na viongozi wengine wanakunywa chai na meneja. Ulizeni wafanyakazi wa viwanda jirani ni chama gani kinachofika kikiitwa.

Malalamiko yapelekeni ofisi ya leba. Hulipi chochote. Kama hujui ofisi inayoshughulikia upande wenu, anzia Wizara ya Kazi, Social Security House kwenye Bishops Road, na uelekezwe. Afisa ana mamlaka ya kuingia kiwandani na kudai rejista za mishahara, na mnaweza kumwomba afanye ukaguzi wa jumla bila kusema ni nani aliyemwita. Mwambieni hivyo kwa maneno yenu wenyewe, msingoje afikirie. Msaada wa kisheria wa bure mnaweza kuuomba Kituo cha Sheria, ambao wamekuwa wakiwasaidia wasio na uwezo tangu 1973 na kesi za kazi wanazijua. Ikifika mahakamani, kwa mshahara wako kesi inaweza kusikizwa na hakimu, si lazima ipande hadi Mahakama ya Ajira na Leba kule Milimani.

Muda nao unakimbia. Madai ya mkataba wa kazi yanafungwa baada ya miaka 3, kwa hiyo pengo la miaka 3 ya mwanzo huenda tayari limekupita, na kila mwezi unaopita unaweza kuondoka na mwingine. Malalamiko ya kufutwa kazi yakipelekwa kwa afisa wa leba yawe ndani ya miezi 3. Wengi hufika kwangu mwezi wa nne.

Anza na Makadara. Ukipata taarifa ya NSSF kabla ya mwisho wa mwezi, niandikie tena, na uniambie ile fomu ya wakala inasema nini kwenye mstari wa tarehe ya kuanza kazi.